Sampla ya mtoto wa miaka 9, tarakimu mbili za mwaka zimefumuliwa: nizishone au niache wazi?

BintiPongwe (mleta uzi)

Habari za jioni wapenzi wa sindano. Mwenzenu wiki ya tatu hii silali vizuri kwa ajili ya kipande cha kitambaa ambacho hata inchi 13 hakizidi, nimeona nikilete kwenu maana hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Kwa ambao hawajui tunaongelea nini, krosistichi ni ule mshono wa vimsalaba vidogovidogo, unahesabu nyuzi za kitambaa unapiga x moja moja mpaka picha inatokea, wengi tumeukuta kwenye vitambaa vya makochi vya mama zetu. Sampla sasa, zamani huko Ulaya msichana akianza kufundishwa sindano alikua anapewa kitambaa kimoja anashonea humo herufi zote, namba, mapambo ya pembeni, ndege, mti, nyumba, aya ya dini, alafu mwisho anaweka jina lake na umri wake na mwaka. Ilikua daftari lake na cheti chake kwa pamoja. Na sisi tunaozirudia leo tunachukua ile ya zamani tunaihesabu msalaba kwa msalaba, tunaichora kwenye chati, tunaishona upya kwenye kitambaa kipya na makosa yake yote humohumo. Mimi hiyo ndo naipenda kuliko chati za maua na paka.

Basi, mimi naishi Uingereza huku karibu na Bristol, Jumapili moja nikaenda kwenye yale masoko ambayo watu wanafungua buti za magari wanauza vitu vya ndani kwao. Nikaona fremu ya mbao kioo kimepasuka kwenye kona, ndani kuna sampla. Muuzaji hata hakua anauza sampla, alikua anauza fremu, paundi 12. Nikalipa mikono inatetemeka.

Kitambaa ni cha sufu, rangi ya chai ya maziwa sasa hivi, nyuzi ni za hariri. Juu alfabeti mbili, ya herufi kubwa na ya ndogo, kwenye ile ya kubwa herufi N imegeuzwa kinyume. Katikati Adamu na Hawa wako chini ya mti na nyoka kajizungusha, Hawa hana mguu wa kulia, nondo wameula. Chini kuna jina la huyo binti, jina la kwanza limeingia vizuri ila la ukoo halikuenea, herufi mbili za mwisho kazibebesha juu ya mstari kama mtoto aliyekosa kiti akapakatwa. Alafu umri, miaka 9. Alafu mwaka: 18, na baada ya hapo hakuna kitu. Nafasi ya tarakimu mbili tupu.

Kwanza nikasema nondo. Nikachukua kioo cha kukuzia, hapana, kitambaa hapo kizima kabisa. Mtu kazifumua.

Jina silitaji hapa, naomba mnielewe. Swali langu ni moja, kwenye ile nitakayoshona mimi nijaze mwaka au niache wazi? Na je kuna aliyewahi kukutana na hii?

---

Nyuzi310

Dada hongera sana, hiyo ni bahati ya mtu mmoja kwa elfu. Mimi niko Nairobi nashona tangu nikiwa shule, na hicho kitu umeona kinajulikana kabisa kwa watu wa sampla. Msichana anashona akiwa na miaka 8, 9, 10, anaweka mwaka, sampla inatundikwa ukutani sebuleni. Miaka inapita, sasa yeye ni mwanamke mzima, wageni wanakuja wanasoma ukutani umri na mwaka, hesabu ni rahisi, kila mtu anajua amezaliwa lini. So anachukua sindano anafumua tarakimu za mwisho. Ziko nyingi za hivo.

Fanya hivi kabla hujaamua kitu. Angalia nyuma ya kitambaa, nyuma huwa hakujapigwa na mwanga kwa hivyo rangi ziko vile zilikuwa siku ya kwanza, hapo ndio utachagua nyuzi zako, usichagulie mbele. Alafu shika kitambaa mbele ya dirisha mwanga utokee nyuma, angalia matundu. Msalaba ukifumuliwa unaacha matundu manne, na pale uzi ulikuwa umefunika kitambaa huwa hakijafifia sawa na pengine. Kama una subira utaisoma.

---

mamaAbdul_kroshia

Mashaallah mpenzi. Mimi wa kroshia tu lakini nimependa. Sasa mbona usiiloweke kwanza kwenye sabuni ya unga na ndimu hiyo rangi ya chai itoke, ikauke kivulini, ndo uisome vizuri? Vitambaa vya mama yangu vya makochi nilivifanyia hivo vikarudi vyeupe pepe.

---

Nyuzi310

@mamaAbdul_kroshia hapana mama, tafadhali, hii usiguse na maji kabisa. Vitambaa vya mama ni pamba na nyuzi za kiwandani. Hii ni sufu na hariri, rangi za zamani hizo, ikiingia majini nyekundu inatembea na sufu inasinyaa. Dada naomba uitoe tu kwenye fremu taratibu kama imebanwa na ubao, mbao za fremu za zamani zina asidi, zinaunguza kitambaa polepole. Ilaze flati kwenye karatasi isiyo na asidi mahali hakuna jua.

---

FundiCharahani

Mimi ni fundi nguo, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi. Sijaelewa kitu kimoja. Umesema N imegeuka kinyume, na jina halikuenea. Unaishona upya, una muda, una chati. Kwa nini usirekebishe? Mteja akiniletea gauni lenye mkono mmoja mfupi anataka nimshonee jingine kama lile, sishoni mkono mfupi.

---

BintiPongwe

@Nyuzi310 asante sana, ntafanya kesho mchana nikiwa off, sasa hivi kuna giza.

@FundiCharahani karibu sana kaka, na swali lako ni la maana nalijibu kwa urefu maana ndo roho ya jambo lenyewe.

Gauni ni la kuvaliwa, mkono mfupi ni hasara. Sampla ni ya mtu. Ukitoa ile N iliyogeuka umebaki na alfabeti, na alfabeti ziko tele. Mimi nilivyohesabu ile N nikaona kitu, mstari wa mshazari umeanzia chini kushoto unapanda, kahesabu sawasawa kabisa, hakukosea hata uzi mmoja, yani hakua mzembe, alikua anaamini ndo N ilivyo. Sasa nikiigeuza nimemfuta mtoto wa watu.

Ngoja niwaambie ya Elizabeth Parker maana ndo iliyoniingiza kwenye haya mambo. Iko makumbusho ya Victoria and Albert pale London, ya miaka ya 1830 hivi. Huyu alizaliwa 1813 huko Sussex, familia ya kawaida, watoto kumi, akapelekwa kazi za ndani akiwa na miaka 13. Hakushona ndege wala mti. Kachukua kitani na uzi mwekundu tu, akaanza kuandika kwa krosistichi kwamba kwa kua hajui kuandika, anaweka haya hapa kwa urahisi kama vile anaongea na mtu. Alafu mistari arobaini na kitu ya maisha yake, jinsi waajiri walivyomtesa, jinsi alivyofikia kutaka kujiua, anamuomba Mungu, hakuna pambo lolote, hakuna pembeni, maneno tu yamebanana. Na mwisho anauliza roho yake itakuaje, na hapo imekatika katikati ya sentensi, chini yake kitambaa kitupu.

Mara ya kwanza nimeiona nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Nilikua nimetoka zamu ya usiku, na mimi kazi yangu ni ya kuhudumia wazee majumbani kwao, nilielewa kila mstari. Na hakufa kijana, alikua mwalimu baadae, kafika mpaka 1889. Sasa niambie kaka, mtu airudie ile alafu aamue kumalizia sentensi? Aongezee maua chini pajae?

---

FundiCharahani

Hiyo ya mwisho imenifunga mdomo. Sawa. Naendelea kufuatilia.

---

ChaiNaMaandazi

Wapendwa mwenye chati ya PDF ya hiyo ya Elizabeth Parker au zile nyekundu za watoto yatima anitumie inbox, nimeona watu wanauza dola mpaka 20 siwezi. Kuna grupu moja la WhatsApp walikua wanagawa bure wakafunga.

---

BintiPongwe

Mdogo wangu sikutumii, na sio kwa ubaya. Sampla yenyewe ni ya zamani haina mwenyewe wa kudai, ila chati ni kazi ya mtu aliyekaa miezi anahesabu, wengi ni kinamama wanaoendesha hiki kitu peke yao mezani jikoni. Tukiwagawia PDF zao wanaacha.

Lakini nakupa kitu bora zaidi. Makumbusho yale ya Victoria and Albert wana tovuti yao wanaweka picha za vitu vyao, unavuta karibu mpaka unaona uzi. Chukua daftari la hesabu la maboksi, lile la shule. Boksi moja msalaba mmoja. Anza na herufi moja tu. Ya kwangu ya kwanza nilihesabu herufi A mara nne na kila mara nilipata jibu tofauti mpaka nikagundua natakiwa nihesabu misalaba na sio matundu. Ukimaliza alfabeti moja hivyo utakua umejifunza kuliko mtu aliyenunua chati kumi.

Na jihadhari na za bei rahisi pia. Mwaka juzi nilinunua mtandaoni kwa muuzaji mmoja chati anasema ni sampla ya 1700 na kitu, kufungua, rangi 84! Mtu kachukua picha kaingiza kwenye programu ikageuza kila kivuli kua rangi, hata doa la maji kaliwekea nyuzi zake tatu. Sampla nyingi za wasichana zina rangi chache tu, alikua anatumia alichopewa. Ukiona chati ya sampla rangi zimepita 30 jiulize mara mbili.

---

Nyuzi310

Hapo kwa rangi 84 nimeskia uchungu, nilinunua kama hiyo pia.

Alafu kuhusu zile nyekundu za mayatima dada elezea watu, wengi wanaona tu urembo.

---

BintiPongwe

Zile ni za hapa hapa Bristol, nyumba za George Müller, mtu wa Prussia aliyehamia huku, alianza na nyumba ya kupanga 1836 baadae akajenga majengo makubwa Ashley Down. Wasichana walikua wanalelewa kwa ajili ya kwenda kutumika majumbani kwa watu. Sasa kwenye nyumba kubwa za matajiri mashuka, mataulo, leso, vyote vinawekwa alama, herufi za mwenye nyumba na namba, ili shuka namba 6 isitumike kila wiki wakati namba 1 iko kabatini, ziishe pamoja na isiibiwe kwa dobi. Alama hizo zilikua zinashonwa kwa krosistichi uzi mwekundu. Ndo maana sampla zao ni herufi juu ya herufi, alfabeti mtindo huu, alfabeti mtindo ule, ndogo mpaka unahitaji lenzi, zimebanwa hakuna hata kidole cha nafasi, maana ilikua ni kuonyesha mwajiri naweza hiki na hiki na hiki.

Niliwahi kurudia moja ya mtindo huo, miezi saba. Nikatumia uzi mwekundu uliotiwa rangi kwa mkono, nilivutiwa tu jinsi unavyopauka na kukolea, nikasahau kuujaribu. Nimemaliza, nikaosha kutoa mafuta ya mikono, nikatoka kupokea simu. Kurudi maji yamekua sharubati. Nilishinda usiku namwaga maji ya baridi naweka mengine, sikuiacha ikauke hata dakika, kama mara ishirini hivi. Imetoka karibu yote, imebaki waridi kuzunguka Q ya mstari wa tatu, bado ipo ukutani na waridi yake. Kwa hiyo jamani uzi mwekundu wowote, lowanisha kipande, kiminye kwenye kitambaa cheupe, subiri. Hata kama paketi imeandikwa haichuji.

---

KofiaYaViua

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Lamu, nyumbani kwetu kumeshonwa kofia za viua tangu kwa nyanya, vile vijitundu vinavyozungushiwa uzi mpaka vinasimama. Nyanya alikuwa na kitambaa kimoja cheupe kikuukuu ameshonea vipande vya mitindo yote, kisha mtu akija kuagiza anamwonyesha achague. Nasoma hapa naona ni kitu kilekile. Hatukukiita sampla, tulikiita kitambaa cha nyanya tu.

Nina swali la ufundi. Kitani huku ni ghali na ile Aida, kitambaa cha krosistichi chenye vijitundu tayari, yaonekana kama wavu. Nimejaribu kwenye amerikani, lakini misalaba yangu yatoka mirefu kama imevutwa. Nakosea wapi?

---

BintiPongwe

Waaleikum salaam. Kitambaa cha nyanya, dada kitunze hicho mbali na jua tafadhali, na kipige picha mbele na nyuma. Sampla za zamani kabisa zilikua hivohivo kazi yake, kitambaa chembamba kirefu kinakunjwa kinawekwa kwenye boksi, mtu akitaka pambo anakunjua anatafuta. Ya Loara Standish kule Plymouth Massachusetts ni ya mtindo huo, ya miaka ya 1650 hivi, inasemekana ndo ya zamani kuliko zote za Marekani zinazojulikana. Na ile ya Jane Bostocke ya 1598, ambayo ndo ya kwanza ya Uingereza yenye tarehe, imejaa mapambo ya kujaribia, alafu humohumo kaandika Alice Lee kazaliwa tarehe 23 Novemba 1596 siku ya Jumanne mchana. Fikiria, miaka zaidi ya 400 tunajua ilikua Jumanne.

Kuhusu amerikani hukosei wewe, ni kitambaa. Chukua rula, hesabu nyuzi ndani ya inchi moja kwa mlalo, alafu inchi moja kwa wima. Kama mlalo ni 40 na wima ni 34 msalaba hauwezi kua mraba hata ukiwa malaika. Tafuta kipande ambacho namba mbili zinakaribiana, au kubali urefu, maana hata hawa wa zamani vitambaa vyao havikua sawa. Huyu binti wa sampla yangu kwa upana ana misalaba 20 kwa inchi, kwa urefu 22. Upana wote misalaba 240, kwa hiyo inchi 12. Mimi nashona kwenye kitani cha nyuzi 40 kwa inchi, nyuzi mbili kwa msalaba, kwa hiyo 20 kwa inchi pande zote, upana utatoka uleule inchi 12 ila urefu wenye misalaba 286 utafika inchi 14 na kidogo. Adamu wangu atakua mrefu kuliko Adamu wake. Mtu akitaka Aida 14, yani misalaba 14 kwa inchi, chukua 240 gawa kwa 14, inchi 17 hizo, ukuta uwe mkubwa.

---

BintiPongwe

NIMERUDI. Nimetoka dirishani sasa hivi.

Nilisubiri saa nne asubuhi jua likiwa upande wa jikoni. Nikaweka karatasi nyembamba nyeupe kwenye kioo cha dirisha, nikashika kitambaa mbele yake kwa mikono miwili, mume wangu kashika lenzi. Mwanzo hakuna kitu, kitambaa tu. Nikainamisha kidogo mwanga uje kwa ubavu na hapo yakatokea, matundu, madogo kama ncha ya pini, yamejipanga manne manne. Na pale kati ya matundu manne kitambaa kina rangi ya krimu tofauti na chai ya pembeni yake, kumbe sehemu hiyo ilikua imefunikwa na uzi miaka mingi ndo ikafumuliwa. Sio jana yake. Ilikaa kwanza.

Tarakimu ya tatu ni 4. Haina ubishi, mguu wima misalaba saba, mkono wa kulala, ile pembe. Ya nne ndo imenitoa jasho. Kuna mstari wa wima misalaba saba, na juu kuna matundu mengine yanakwenda kushoto lakini hapo kitambaa kimekwaruzika, sijui ni mawili au matano. Ni 1 au 7. Kwa hiyo ni 1841 au 1847.

Na nyuma jamani, nyuma ni bustani. Mti ambao mbele ni wa kahawia nyuma ni kijani cha embe bichi. Nyoka nyuma ni waridi. Nimekaa kwenye kiti nikalia kidogo.

Na nyuma pale kwenye mwaka kuna kipande cha uzi kimebaki, nusu inchi hivi, kimeshikwa chini ya ile 8. Kimekatwa na mkasi, sio kuvutwa. Aliyefumua alikua anajua kushona, kakata katikati akatoa pande mbili bila kuvuta kitambaa.

---

Nyuzi310

Hiyo mkasi imenipiga. Ni yeye mwenyewe. Mgeni angevuta tu.

Sasa uko na jina, umri na mwaka. Sensa ya Uingereza ya 1841 na 1851 ziko mtandaoni, ile ya 1851 inaandika mpaka mahali mtu alizaliwa. Ungemtafuta.

---

BintiPongwe

Nimeangalia jana usiku, jina lake ni la kawaida mno huku, ni kama kutafuta Mwanaisha Tanga nzima. Nimeacha.

Narudi kwenye swali langu basi. 184 na kitu. Nishone au niache?

---

mamaAbdul_kroshia

Mpenzi mimi sijui sampla lakini mambo ya wanawake nayajua. Huyu alikaa akafumua usiku watu wamelala. Hakuchana jina, hakuchana umri wa utotoni, kachukua mwaka tu. Ilikua siri yake ndogo. Sasa wewe umemshika kwenye dirisha ukamsoma, sawa, umeshajua, lakini ukiushona huo mwaka ukatundika sebuleni unamfungulia tena mlango alioufunga mwenyewe. Mimi ningekua yeye nisingependa.

---

Nyuzi310

Mama naheshimu lakini napinga kidogo. Ametulia kaburini zaidi ya miaka mia, hakuna mgeni wa kumcheka sasa. Na sisi ambao tunapenda hizi vitu tunajua mwaka ndio kila kitu, sampla bila mwaka ni yatima. Ashone 184 na aache ya mwisho.

---

KofiaYaViua

Mimi niko na mama Abdul. Lakini ikiachwa tupu, mtu asiyejua ataona mshonaji amesahau. Hatajua kama palikuwa na kitu kisha mtu akakitoa.

---

FundiCharahani

Nimesoma yote tangu juzi. Naona mnabishana kushona au kuacha, lakini hakuna aliyesema kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba ilishonwa, ikakaa, ikafumuliwa. Dada umeniambia mwenyewe unarudia kazi yake hata makosa. Basi kufumua nako ni kazi yake. Ishone 4, na ile ya mwisho shona yale matundu unayoyaona tu, sijui 1 sijui 7. Iache ikae. Halafu chukua mkasi, kata katikati, toa pande mbili. Kitambaa kikifumuliwa alama hubaki, sisi tunagombana nazo kila siku.

---

mamaAbdul_kroshia

Eeh fundi.

---

Nyuzi310

Nimeweka sindano chini. Hiyo ndio.

---

BintiPongwe

Kaka yangu. Nimesoma hii nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo.

Ndo ntakavyofanya. Nimepiga hesabu, kitani matundu yake yanajifunga ukikisugua au ukikiosha, kwa hiyo hii siioshi, ntashona na mikono iliyonawa kila mara na kitambaa kitakaa kwenye fremu kimevutwa muda wote. Tarakimu hizo mbili ntatumia nyuzi mbili badala ya moja ili matundu yafunguke zaidi, na ntaziacha mpaka sampla nzima iishe, ziwe za mwisho kufumuliwa. Kile kipande cha nusu inchi ntakiacha kimebanwa chini ya 8, nyuma, palepale.

N inabaki imegeuka. Herufi mbili za ukoo zinabaki zimepakatwa. Mguu wa Hawa nimeuona nyuma mabaki yake, misalaba mitatu ya unyayo, kwa hiyo huo namrudishia, nondo hawakua na haki. Yangu mimi ntaweka herufi zangu na mwaka huu kwenye pindo la nyuma kwa uzi wa pamba wa kawaida, ili kesho mtu asije akaiuza kama ya zamani, huo mchezo upo.

Kitani kimefika jana. Nimekunja mara nne nikapata katikati, nimeweka uzi wa kuhesabia kila baada ya nyuzi 20, wa buluu wa kushonea wa kawaida, ntautoa baadae. Naanza na pembeni ya kushoto, ile stroberi ya kwanza. @FundiCharahani usipotee, zikifika hizo tarakimu ntakuita uone unavyokatwa.

---

FundiCharahani

Nipo dada. Mkasi uwe wa ncha, mdogo, na unolewe siku hiyo hiyo.